George Washington: Shujaa Aliyeshindwa na Koo

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mpenzi msomaji, mwiba ninaotaka kukusimulia leo haukuingia mguuni bali kooni, na aliyeudharau hakuwa mtu hivi hivi. Alikuwa jemadari aliyeyashinda majeshi ya Uingereza, kisha akawa rais wa kwanza wa Marekani. Ukibahatika kuishika noti ya dola moja, uso unaokutazama ndio wake. Mji mkuu wa nchi yake unaitwa kwa jina lake. Risasi zilimkosa, ndui ikamwachilia, baridi ya vitani ikashindwa naye. Lakini maumivu ya koo ya siku mbili tu yalimlaza kitandani asiamke tena. Jina lake ni George Washington.

Nimemchagua yeye katika toleo hili la jarida la Chama chetu cha Kiswahili kwa sababu moja. Sisi wanafunzi tunapenda sana kusema ati koo si ugonjwa. Mwenzetu akiamka sauti imemkauka, tunamcheka kwamba amebalehe mara ya pili. Akishindwa kumeza githeri, tunaigawana sahani yake. Naye mwenyewe, kwa kuogopa kuitwa mwoga, hunyamaza, akajifunga sweta shingoni na kwenda zake kwenye masomo ya jioni. Nani ataandikisha jina kwa nesi kwa ajili ya koo? Hebu basi tukae kitako, niwasimulie maisha ya bwana huyu tangu mwanzo, ndipo tuone koo linaweza kufanya nini.

UTOTO NA NDUI

Washington alizaliwa tarehe 22 Februari 1732 huko Virginia, wakati ambapo Virginia ilikuwa koloni la Waingereza, kama vile Kenya yetu ilivyokuja kuwa baadaye. Baba yake, Augustine, alikuwa mkulima mwenye mashamba na watumwa. Alifariki mwaka 1743 na kumwacha George akiwa na miaka 11 tu. Kaka zake wakubwa wa mama mwingine walikuwa wamepelekwa Uingereza kusoma, lakini yeye hakuipata bahati hiyo. Alijisomea hapo hapo nyumbani, akapenda hesabu na upimaji wa ardhi. Mwaka 1749, akiwa na miaka 17, alikuwa tayari mpimaji wa ardhi wa wilaya ya Culpeper. Hebu fikiria, umri wa mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne!

Kaka yake mmoja, Lawrence, alimpenda kama mwanawe. Lawrence aliugua kifua kikuu, na mwaka 1751 ndugu hawa wawili walisafiri kwa merikebu hadi kisiwa cha Barbados, wakitumaini kwamba hewa ya joto ingemponya mgonjwa. Kumbe safari yenyewe ilikuwa na mtego. George akashikwa na ndui huko huko kisiwani. Alilala karibu mwezi mzima, na alipoinuka alibaki na makovu usoni. Lawrence hakupona, alifariki mwaka uliofuata, 1752.

Makovu hayo yalikuja kuwa na faida kubwa. Aliyeugua ndui na kupona hawezi kuugua tena. Miaka mingi baadaye, ndui ilipokuwa ikiwafyeka askari wake kuliko bunduki za adui, Washington hakuguswa. Tena hakusahau alichojifunza kitandani. Mwaka 1777 aliamuru jeshi lake lichanjwe. Chanjo ya siku hizo ilikuwa jambo la kutisha, maana mtu alikwaruzwa ngozi na kutiwa ugonjwa wenyewe kidogo ili augue kwa wepesi na kupona. Wengi waliiogopa. Yeye aliona heri hatari ndogo ya leo kuliko msiba mkubwa wa kesho. Mshike hapo, msomaji, kwa maana tutarudi kuuliza ni kwa nini mtu mwenye busara kama hiyo aliisahau siku ya koo lake.

RISASI ZILIZOMKOSA

Mwaka 1755 Washington, wakati huo akiwa upande wa Waingereza, alikwenda vitani dhidi ya Wafaransa na Wahindi Wekundu walioungana nao. Alikuwa mgonjwa wa homa na kuhara damu, hata ikabidi aweke mto juu ya tandiko la farasi ili aweze kukaa. Karibu na mto Monongahela jeshi lao lilivamiwa kutoka msituni. Jenerali wao, Edward Braddock, alijeruhiwa akafa. Washington alipoteza farasi wawili waliopigwa risasi akiwa juu yao, na vita vilipokwisha koti lake lilikutwa na matundu manne ya risasi. Mwilini mwake? Hata mkwaruzo! Watu walianza kuamini kwamba bwana huyu hafi kwa chuma.

Mwaka 1759 alimwoa Martha Custis, mjane aliyekuwa na watoto wawili. Wao wenyewe hawakujaliwa mtoto. Wakakaa Mount Vernon, shamba kubwa kando ya mto Potomac, hadi makoloni 13 yalipochoka kutozwa kodi na serikali iliyokuwa ng'ambo ya bahari bila wao kuwa na wawakilishi bungeni. Mwezi wa Juni 1775 Washington alichaguliwa kuwa amiri jeshi mkuu. Usiku wa Krismasi wa 1776 alilivusha jeshi lake mto Delaware katikati ya vipande vya barafu, askari wengine viatu vimewachakaa miguuni, wakamshambulia adui huko Trenton asubuhi wakashinda. Vita vikaendelea mpaka Oktoba 1781, Waingereza waliposalimu amri huko Yorktown.

Jambo ambalo wengi humsifia ni lile alilofanya baada ya ushindi. Mwezi wa Desemba 1783 alirudisha cheo chake na kwenda zake shambani. Hakujitawaza mfalme. Mwaka 1787 aliitwa kuongoza mkutano ulioandika katiba, na tarehe 30 Aprili 1789 akala kiapo cha urais mjini New York. Alitawala vipindi viwili, na mwaka 1797 akang'atuka kwa hiari yake. Sisi Waafrika tunajua uzito wa neno hilo kung'atuka.

MWILI ULIOCHAKAA NA WATU WALIOUTUNZA

Usidhani kwamba mtu huyu alikuwa chuma. Alikuwa mrefu, kama futi 6 na inchi 2, mwenye mikono mikubwa na mpanda farasi hodari. Lakini ndani ya mwili huo magonjwa yalipita kama wageni katika nyumba ya wageni: malaria, kuhara damu, jipu kubwa la pajani lililopasuliwa mwaka 1789, na homa ya mapafu iliyokaribia kumwua mwaka 1790. Alipoapishwa kuwa rais alikuwa amebaki na jino moja tu la asili! Watu husema ati meno yake ya bandia yalikuwa ya mbao. Si kweli. Yalitengenezwa kwa pembe, meno ya wanyama na meno ya binadamu. Daftari lake la hesabu la mwaka 1784 linaonyesha fedha zilizolipwa kwa watumwa kwa ajili ya meno 9.

Hapo tusipite kwa kunyatia. Mpigania uhuru huyu alimiliki watu. Mwaka 1799 kulikuwa na watumwa 317 pale Mount Vernon. Waliomlimia, waliompikia, waliomfulia na kumwashia moto wa kuota walikuwa watu wasio na uhuru ule alioupigania. Katika wosia wake aliouandika mwaka huo, aliagiza watumwa 123 waliokuwa mali yake waachiliwe mkewe atakapofariki. Martha hakungoja, aliwaachilia mapema, tarehe 1 Januari 1801. Waliobaki, ambao wengi wao walitokana na urithi wa mumewe Martha wa kwanza, hawakupata uhuru huo. Mmoja wao, kijana Christopher Sheels, tutamkuta sasa hivi kando ya kitanda cha mauti.

MVUA YA DESEMBA

Tarehe 12 Desemba 1799, Washington akiwa na miaka 67, alipanda farasi kukagua mashamba yake kama kawaida. Alitoka kama saa nne asubuhi na kurudi saa tisa alasiri. Katika muda huo theluji ilianguka, kisha mvua ya mawe, kisha mvua ya baridi. Aliporudi theluji ilikuwa imemganda kwenye nywele, na shingo yake ilikuwa imelowa. Katibu wake, Tobias Lear, alimwambia kwamba anaogopa amelowa. Akakataa, akasema koti lake limemkinga vya kutosha. Chakula kilikuwa kimekwisha kuandaliwa, naye hakupenda kuwaweka watu. Akaketi mezani na unyevu wake.

Tuseme ukweli wa sayansi hapa, maana walimu wetu wa bayolojia watanikamata shati. Mvua peke yake haileti ugonjwa wa koo. Koo huumwa na vijidudu. Bila kijidudu, utalowa mpaka kwenye mifupa na koo lako libaki salama.

Kesho yake, tarehe 13, koo lilianza kumwuma. Theluji ilikuwa bado inaanguka. Lakini alasiri alitoka tena kwenda kutia alama miti aliyotaka ikatwe. Jioni sauti ilikuwa imekwaruza, ila alikuwa mchangamfu, akisoma magazeti kwa sauti kila alipoweza. Lear alimshauri anywe dawa. Alijibu kwamba yeye hana desturi ya kunywa kitu kwa ajili ya mafua. Yaliyokuja yenyewe yataondoka yenyewe. Akapanda ngazi kwenda kulala. Huo ndio ufa ambao haukuzibwa.

SIKU NDEFU YA MWISHO

Kati ya saa nane na saa tisa usiku alimwamsha mkewe. Alikuwa akipumua kwa shida na maneno hayatoki vizuri. Martha akataka kuinuka aite msaada. Akamkataza, kwa kuogopa kwamba na yeye atashikwa na baridi, kwa maana alikuwa ametoka tu kupona. Mapenzi hayo! Lakini yalimgharimu saa kadhaa. Wakangoja mpaka kulipopambazuka, Caroline Branham, mtumwa wa nyumbani, alipoingia kuwasha moto, ndipo akatumwa kumwita Lear.

Wakamkorogea asali ya miwa, siki na siagi ili alainishe koo. Hakuweza kumeza hata tone. Kila alipojaribu alipaliwa kama anayezama majini. Kabla daktari hajafika, Washington mwenyewe aliagiza msimamizi wake wa shamba, George Rawlins, amtoe damu. Rawlins alitetemeka, lakini mgonjwa akamtia moyo. Martha akaomba isitolewe nyingi. Mumewe akataka izidi.

Kwa nini damu? Kwa maelfu ya miaka waganga wa Ulaya waliamini kwamba mwili una majimaji ya aina nne, na ugonjwa ni kuzidi kwa mojawapo. Mgonjwa akiwa mwekundu na ana homa, basi damu imemzidi, ipunguzwe. Washington aliiamini dawa hiyo maisha yake yote. Alikuwa ameitumia kwa watu wake mara nyingi.

Asubuhi akafika rafiki yake wa miaka mingi, Dakta James Craik. Akampaka shingoni dawa ya kubabua ngozi ili ivute ugonjwa nje, akamtoa damu tena, akampa siki na chai ya majani asukutue. Alipoinamisha kichwa nyuma asukutue, nusura afe kwa kukosa pumzi. Damu ikatolewa mara ya tatu. Alasiri wakaja madaktari wengine wawili, Elisha Dick na Gustavus Brown. Ikatolewa mara ya nne, na mara hiyo ilitoka nzito na polepole. Kwa jumla, hesabu ya damu iliyotoka siku hiyo inakaribia lita 2 na nusu. Mtu anayejitolea damu hospitalini leo hutoa chini ya nusu lita, kisha hupewa soda na kuambiwa apumzike. Washington alitolewa mara tano ya hiyo, akiwa mzee, mgonjwa, na hajala wala kunywa kitu.

Hapa kuna jambo ambalo lilinigusa kuliko yote. Dakta Dick alikuwa na miaka 37, mdogo kuliko wenzake wote. Alipinga damu isitolewe tena, akaeleza kwamba mgonjwa anahitaji nguvu zake. Tena akashauri watoboe bomba la hewa shingoni, chini ya mahali palipoziba, ili mgonjwa apate pa kupumulia. Upasuaji huo ulikuwa ukijulikana, ila ni wachache sana waliouthubutu. Wakubwa wake wakakataa. Nani angethubutu kumpasua shingo George Washington? Baadaye Dakta Brown alimwandikia Craik barua, akakiri kwamba Dick alikuwa na haki katika suala la damu. Lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Mchana kutwa kijana Christopher Sheels alisimama kando ya kitanda. Miezi michache kabla, alikuwa amepanga kutoroka utumwani pamoja na mkewe, mpango ukagunduliwa na Washington mwenyewe. Sasa alikuwa amesimama pale, akimtazama bwana wake anavyopigania pumzi. Alasiri Washington aligundua kwamba kijana hajaketi tangu asubuhi, akamwashiria aketi. Hata kufani aliweza kuona miguu iliyochoka. Uhuru wa mwenye miguu hiyo ndio hakuuona.

Jioni alimwomba mkewe alete wosia mbili, akachagua mmoja na ule mwingine ukachomwa. Aliwashukuru madaktari, akawaomba wasijisumbue tena. Alijua. Kati ya saa nne na saa tano usiku wa tarehe 14 Desemba 1799, akiwa amejishika mshipa wa mkono kuhesabu mapigo yake, mkono ulilegea, akakata roho. Tangu koo lianze kuuma hazikupita hata siku mbili. Alizikwa tarehe 18 Desemba hapo hapo Mount Vernon.

KOO LINAUAJE?

Fungua mdomo mbele ya kioo. Nyuma kabisa utaona kinyama kidogo kinachoning'inia. Hicho ni kilimi, wengine hukiita kimio. Pande zake mbili kuna matezi mawili kama kokwa. Hayo ndiyo yanayovimba tukasema mtu ana mafindofindo. Matezi haya ni askari wa lango. Kazi yake ni kuvikamata vijidudu vinavyoingia kwa hewa na chakula. Wakati mwingine askari huzidiwa, yakavimba, yakawa mekundu, pengine yakatoa madoa meupe ya usaha. Homa ikapanda na kumeza mate kukawa kama kumeza miiba.

Mafindofindo mengi huletwa na virusi, nayo hupoa yenyewe kwa muda wa wiki hivi. Kwa hao, dawa za kuua bakteria hazisaidii kitu. Lakini mengine huletwa na bakteria, na hatari kubwa ni yule anayeitwa streptokoka. Huyu hupenda sana watoto wa miaka 5 hadi 15, yaani wadogo zetu na sisi wenyewe.

Madhara yake ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya hapo hapo kooni. Usaha unaweza kujikusanya nyuma ya tezi ukawa jipu. Mgonjwa hushindwa kufungua mdomo, sauti ikawa kama ya mtu mwenye kiazi cha moto kinywani, udenda ukamtoka kwa kuwa hawezi kumeza. Dakta Brown alidhani ndilo lililompata Washington. Madaktari wengi wa leo waliozisoma kumbukumbu zile wanaona kwamba kilichovimba kilikuwa chini zaidi: kile kijifuniko kinachoziba bomba la hewa tunapomeza ili chakula kisipotee njia. Kikivimba, kinaziba kama kizibo cha chupa. Ndiyo sababu alipaliwa kwa kila tone, na ndiyo sababu shauri la Dick la kutoboa chini ya kizibo lilikuwa na mantiki. Mmoja wa bakteria waletao ugonjwa huo kwa watoto ana chanjo siku hizi, na Kenya iliiingiza katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2001.

Madhara ya namna ya pili ni ya kichinichini, na haya ndiyo yanayoniogopesha zaidi. Koo limepona, mtu anacheza kandanda, amekwisha kusahau. Baada ya wiki mbili au tatu viungo vinaanza kuvimba, leo goti, kesho kiwiko. Ni homa ya baridi yabisi inayofuata koo. Mwili uliokuwa ukipigana na streptokoka umekosea shabaha na kuanza kujishambulia wenyewe. Viungo hupona, lakini vali za moyo zinaweza kubaki na makovu ya maisha. Kijana akipanda ngazi anahema; mama akishika mimba moyo unamlemea. Mafigo nayo yanaweza kuvimba, mkojo ukawa na rangi ya chai, uso ukajaa maji. Yote hayo kutoka kooni!

SISI JE?

Washington alizaliwa mapema mno. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mwaka 1928, miaka 129 baada ya kifo chake. Sisi tunayo. Mafindofindo ya streptokoka yakitibiwa kwa penisilini, kwa sindano moja ya aina maalum au tembe za siku 10, ile homa ya baridi yabisi huzuiwa. Siku 10, jamani, si 3! Wengi wetu koo likipoa siku ya tatu tunazitupa tembe zilizobaki chini ya godoro, au tunamgawia rafiki. Hapo tunakuwa tumemjeruhi nyoka bila kumwua.

Tena tusimcheke Dakta Craik kwa damu yake. Hata kwetu, katika sehemu fulani za Kenya na Tanzania, mtoto anayekohoa au kuumwa koo hupelekwa akakatwe kilimi kwa kisu au wembe. Wanaofanya hivyo wanampenda mtoto, kama vile Craik alivyompenda Washington. Lakini kilimi hakina kosa, na kisu hicho kimeleta kutokwa damu, pepopunda na hata vifo. Dawa haiwi dawa kwa kuwa ni ya zamani au kwa kuwa kila mtu anaiamini.

Basi wenzangu, koo likiuma kawaida, maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya kusukutua, vinywaji vingi na mapumziko husaidia. Lakini ukiwa na homa kali, au madoa meupe kooni, au maumivu yakipita siku 2 au 3, mwone nesi au nenda zahanati. Na ukimwona mwenzako anatokwa na udenda, anakaa ameinama mbele, sauti imebadilika na anavuta pumzi kwa mlio, usingoje kengele ya asubuhi. Usimlaze chali wala usimtie kijiko mdomoni kumchungulia. Mwamshe kiranja, kiranja amwamshe mwalimu wa zamu, mgonjwa apelekwe hospitali usiku huo huo. Heri mwalimu akukemee kwa kumkatizia usingizi.

Mnakumbuka niliahidi kuuliza ni kwa nini mtu aliyekuwa na busara ya kuchanja jeshi zima aliidharau dalili ya koo lake mwenyewe? Jibu nililolipata ni hili: aliwaangalia askari wake kwa jicho la kiongozi, akajiangalia mwenyewe kwa jicho la shujaa. Shujaa haugui, habadilishi nguo, hamwamshi mtu usiku. Na mabwenini mwetu wamejaa mashujaa wa namna hiyo.

Naomba nikomee hapa, wasomaji wapenzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa Washington ulikuwa mdogo, wa kooni tu. Usiku huu kabla taa hazijazimwa, msikilize jirani yako wa kitanda anavyomeza mate. Akikunja uso, muulize. Kisha mshike mkono mwende kwa nesi pamoja.